Mama Mkwe Alipojifungua Wifi Yangu

Mimi nina wifi niliyemwona akizaliwa kwa macho yangu. Siku hiyo alikuwa tayari mama wa watoto wawili, meno yake yote yapo, na kitambaa kichwani amekifunga vizuri kama anayekwenda kanisani. Ukiona nakudanganya, nenda Gakindu siku ya soko umuulize mwanamke yeyote wa rika langu. Atakuambia, ila utamngoja kwanza amalize kucheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika msimu wa kahawa. Mama mkwe alikuwa na shamba la kahawa kwenye mteremko unaoshuka mpaka mtoni, na mikono ya kuchuma ilikuwa michache: yangu, yake, na ya yeyote tutakayempata. Mume wangu, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee, alikuwa Wang'uru akinunua na kuuza mchele. Alikuwa akija nyumbani mara moja moja na gunia la mchele na maneno mengi. Kahawa haimngoji mtu. Ikiiva imeiva, na usipoichuma inaanguka chini unaitazama.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke mrefu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika sketi. Alikuwa ametoka upande wa Kiriaini alikokuwa akichuma majani chai, akasikia kwamba huku kwetu kuna kazi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi sote, cha mtu aliyekulia mjini. Alitoka Burundi. Vita vya kwao vilimchukulia mume, naye akatoroka na wasichana wake wawili na nguo walizovaa, akaendelea kusukumwa mbele kidogo kidogo mpaka akajikuta chini ya Mlima Kenya, mahali ambapo hajui mtu.

Mama mkwe hakumuuliza mengi. Alimshika mikono, akaigeuza akaitazama, akampa kikapu. Jioni ya siku hiyo akatoa mahindi yetu katika kile chumba cha mbao kilicho nyuma ya jiko, akamwambia, "Lala hapa na watoto." Na mahindi yangu yakahamia chini ya kitanda changu! Nilinung'unika wiki nzima.

Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Hasira yangu huja upesi na huondoka upesi, na ikishaondoka nataka chai. Mama mkwe alinizoea, mume wangu alijifunza kununua mchele mbali. Lakini yule mgeni, jamani, alinishinda. Ukimpa maji, asante. Ukimnyima maji, asante. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayesema samahani. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeambiwa kiti hicho ni cha mwenyewe na mwenyewe yuko njiani. Siku moja nilimwambia alivyochuma kahawa ni vibaya, anachanganya mbichi na mbivu. Haikuwa kweli, nilitaka tu aninunie kidogo, tupate la kuongea. Akasema, "Samahani, dada, nitajirekebisha." Nilikwenda zangu nikapasua kuni.

Nikueleze jambo lingine ili uelewe. Kwa sababu mume wangu alizaliwa peke yake, mimi sikuwa na wifi. Wenzangu siku ya soko walikuwa wakiketi kwa mama wa viazi, wanawalalamikia mawifi zao mpaka jua linahama. Huyu wifi yake kamtolea maneno, yule wifi yake kamchukulia sufuria. Mimi nilikaa katikati yao bila la kusema. Mwanamke bila wifi wa kumlalamikia hana hadithi.

Kahawa iliisha, mgeni akabaki. Watoto wakaingia shule ya msingi iliyo juu ya barabara, wakajifunza Kikuyu upesi mpaka wakawa wanatukanana nacho. Akajiunga na kina mama wa kanisa, akawa anaimba sauti ya chini ambayo hatukuwa nayo. Tukamzoea. Tulidhani kuzoeana kunatosha.

Halafu chifu akaita baraza.

Chifu wetu alikuwa mtu mwema mwenye woga mwingi. Alisimama na kofia yake ya kazi, akasema amri imetoka juu: wageni wote wasio na karatasi watakusanywa. Jumatatu lori litapita. Watapelekwa kambini kule kaskazini, na kutoka huko wengine watarudishwa makwao. Alisema hayo yote akiwa anatazama viatu vyake, na watu wote nao wakatazama viatu vyao. Mgeni alikuwa amekaa karibu nami, yule mdogo amelala mapajani mwake.

"Dada," akaninong'oneza, "ni sisi?"

"Nyamaza kwanza," nikamwambia.

Tulipofika nyumbani akaanza kukunja nguo. Hakulia, hakulaani mtu. Alikunja magauni ya watoto moja baada ya jingine, akayapanga vizuri kwenye mfuko wa sukari. Mimi niliposimama mlangoni akanitazama, akasema pole pole, "Waliomuua baba wa hawa watoto bado wanakaa jirani na nyumba yetu. Nikirudishwa, hao ndio watakaonipokea." Kisha akaendelea kukunja.

Nilimnyang'anya lile gauni nikalitupa kitandani. "Acha kukunja!" nikapiga kelele. "Nani amekwambia ukunje?"

"Samahani, dada," akasema.

Kesho yake kina mama wa kanisa tulipanda mpaka kwa DO, yule mkubwa wa serikali wa tarafa. Tulikwenda kwa wingi, na mikungu ya ndizi, na mwenyekiti wetu mbele. Huyu mwenyekiti lazima nikujulishe, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mama mnene, mkali, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkunga wa zahanati. Nusu ya watu wa Gakindu walipitia mikononi mwake, na hakuacha kuwakumbusha. Alikuwa pia mlinzi wa kanisa: akisikia mtu amekwenda kwa mganga, Jumapili hiyo mtu huyo atajuta.

DO hakuwa mtu wa huku. Alitoka mbali, kwa wafugaji, kijana mrefu mwenye adabu. Alitupa viti, akatusikiliza, akasema anaelewa. Lakini je, huyu mama ana karatasi? Hana. Ana ndugu yeyote Kenya? Hana. "Basi, mama zangu," akasema, "mimi nimeambiwa nikusanye wageni wasio na kwao. Mngeniambia yuko na kwao hapa, ningejua la kufanya. Sasa mnaniambia wenyewe kwamba hana. Nifanye nini?"

Nikapiga meza. Kalamu zake zikaruka. Nikamwambia kama ni kwao, kwao ni kwetu, na kama hasikii aende akapimwe masikio. Askari akatuonyesha mlango. Mpaka leo sijutii. Lakini wenzangu hawakunisemesha njia nzima, ndizi tumeziacha kule, na mvua ikatunyea.

Nilimkuta mama mkwe jikoni akichambua njahi, yale maharagwe yetu meusi. Nikamweleza yote, na nilipofika pale pa DO kusema "wageni wasio na kwao", akaacha kuchambua.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Alisema mkimwambia ana kwao, atajua la kufanya?"

"Alisema hivyo, Maitu. Lakini kwao ni Burundi, tutafanyaje?"

Maitu ni mama yangu kwa Kikuyu, ndivyo nilivyomwita. Akanitazama jinsi anavyotazama kuku aliyeingia jikoni. "Wewe unapenda kupiga meza," akasema, "lakini kufikiri unaniachia mimi. Zamani za baba yangu, mtu akitoka mbali na akitaka kuwa wa nyumba, alikuwa akizaliwa. Mbuzi anachinjwa, mama wa nyumba anaingia kitandani, anamzaa. Akishazaliwa hakuna wa kumuuliza alitoka wapi. Wewe ulitoka wapi? Si ulitoka tumboni? Basi na yeye pia."

"Ngai! Unataka kumzaa mtu mzima?"

"Niko na nafasi. Nilizaa mmoja tu." Akarudia njahi zake. "Na tena, mama aliyejifungua na mtoto wake hawatolewi nyumbani mpaka siku zao ziishe. Hata moto hautolewi. Tutafanya Jumamosi. Hiyo lori ikija Jumatatu, tutaona ni mwanamume gani ataingia nyumba ya mzazi."

Nikaenda kumwambia mgeni. Nilieleza vibaya, nadhani, kwa sababu nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa heshima kama mama ni mgonjwa.

Shida ikawa mwenyekiti. Alipopata habari alikuja mwenyewe, Ijumaa, na mwavuli wake. "Mbuzi wa mila?" akasema akiwa bado uani. "Damu? Mimi nikiwa mwenyekiti? Kanisa litasema nini?"

Mama mkwe akamwambia, "Ukitaka, omba juu ya mbuzi. Yeye hatakataa."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakaelewana hivi: mbuzi atachinjwa kama anavyochinjwa Krismasi, kwa kuliwa tu. Ataombewa kabla na baada. Damu hakuna, na ule utumbo wa mbuzi ambao zamani ulikuwa ukifungwa kuwa kitovu, hapana kabisa, patumike kipande cha leso. Na mwenyekiti angekuja, si kushiriki, bali kuketi pembeni kuona kwamba dhambi haitendeki.

Jumamosi nyumba ya mama mkwe ilijaa wanawake mpaka kwenye madirisha. Wanaume tuliwafukuza, wakabaki nje na mbuzi. Mama mkwe alipanda kitandani na gauni lake la kulalia, akajifunika mablanketi yote tuliyokuwa nayo. Mgeni tulimwingiza chini ya hayo mablanketi, miguu yake mirefu ikitokeza upande wa pili, viatu bado amevaa. Leso ikafungwa: upande mmoja kiunoni mwa mama mkwe, upande mwingine kwenye mkono wa mgeni.

"Haya," mama mkwe akasema, "naanza."

Akaanza kulia uchungu. Jamani! Yule bibi alikuwa amengoja miaka yote apate jukwaa. "Woi! Woi, mgongo! Nani aliniambia niolewe! Mwiteni baba yake nimpige!" Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nimeshika bega lake, machozi yananitoka kwa kucheka, na chini ya mablanketi nilimsikia mgeni naye. Alikuwa anacheka. Kitanda chote kilitikisika kwa kicheko chake. Tangu aje kwetu sikuwa nimewahi kukisikia.

Mwenyekiti alikuwa ameketi pembeni kama alivyoahidi, mikono kifuani. Mama mkwe akalia tena, akijinyonganyonga huku ameinua kichwa. Mwenyekiti akakunja uso. Mama mkwe akabana pumzi.

"Sio hivyo!" mwenyekiti akafoka. "Unabana pumzi ya nini? Pumua! Unataka kumuua mtoto?"

Akasimama. Akaweka mwavuli chini, akakunja mikono ya sweta, akasukuma watu, akafika miguuni mwa kitanda. "Wewe shika huku. Wewe lete maji. Moto uko wapi? Mama, pumua, pumua hivi, usisukume mpaka nikwambie." Alisahau kabisa kwamba ni mchezo, na nadhani sote tulisahau. Mama mkwe akafanya alivyoambiwa, jasho la kweli linamtoka usoni.

"Sasa!" mwenyekiti akasema. "Sukuma!"

Na mgeni akatoka chini ya mablanketi, kichwa kwanza, kitambaa kimeanguka, nywele zimesimama. Mwenyekiti akamshika mabega akamvuta, akachukua wembe mpya, akakata leso. Akamgeuza kwa mama yake.

Mama mkwe akamvuta kichwa akakilaza kifuani. Akamtemea mate ya baraka, kidogo, hapa kooni, kama wazee wetu wanavyobariki watoto wao. Akasema, "Umefika. Sasa umefika nyumbani, mama yangu." Huku kwetu mtoto wa kike huitwa mama na mama yake mzazi. Hilo hatukuwa tumelipanga.

Yule mwanamke ambaye hakulia kwenye baraza, ambaye alikunja nguo macho makavu, alifungua mdomo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila aibu, na mwenyekiti akageuka kwetu na uso unaong'aa akapaza sauti, "Amelia! Mtoto yuko hai!"

Vigelegele! Nje wanaume wakashangilia, na mbuzi akanyamazishwa. Sasa, huku kwetu vigelegele vya mvulana ni vingi kuliko vya msichana, na wazee wa nje huhesabu ili wajue ni mtoto gani. Wanawake wakapiga vya msichana wakanyamaza. Hasira ikanipanda. Nikawaambia mtoto huyu ametembea kwa miguu kutoka Burundi na watoto wawili, ni mvulana gani hapa amefanya hivyo? Pigeni vyote! Wakapiga vyote, na vya ziada. Wazee wakachanganyikiwa huko nje, wakatuma mtu kuuliza kama ni mapacha.

Mume wangu alifika Jumapili na gunia la mchele begani. Nilimpokea langoni.

"Umepata dada," nikamwambia.

Akaweka gunia chini. "Ati nini?"

"Mama yako amejifungua. Jana. Ni kitindamimba, lakini anakuzidi umri, kwa hivyo umheshimu."

Akatazama nyumba ya mama yake, akatazama mfupa wa mbuzi ambao mbwa alikuwa nao. Nikamweleza. Mume wangu ana maneno mengi, nimesema, lakini siku hiyo alikuwa na swali moja tu. Akauliza, "Mzazi na mtoto wamekula?" Akalibeba lile gunia mpaka mlangoni mwa mama yake, akaliweka hapo, akabisha hodi, akarudi nyuma kama inavyompasa mwanamume. Ndiyo maana sijamwacha.

Jumatatu ikafika. Asubuhi mapema nilitoka nje nikaona jambo ambalo nikilikumbuka hata leo nywele zinanisimama. Kutoka kila mteremko, wanawake walikuwa wanakuja. Kuni mgongoni, vibuyu vya uji, ndizi, unga, na watoto. Wale wa kanisa letu, na wa makanisa mengine, na wengine ambao sikuwajua kabisa. Walikuwa wanakuja kumwona mzazi, kama desturi ilivyo. Waliweka kuni ukutani mpaka rundo likafika dirishani. Kisha wakaketi uani, wakaujaza ua wote, wakaanza kuimba.

Lori likaja, na gari la DO nyuma yake. Halikuweza kuingia, hapakuwa na pa kupita. Askari wakashuka na kusimama barabarani, na mmoja wao, kijana wa Othaya, jirani zetu, alipoona zile kuni na vibuyu akauliza, "Nani amezaa?" Alipoambiwa, akavua kofia. Hakusogea tena.

DO akashuka. Chifu akatokea mbio, jasho linamtoka, maana mke wake mwenyewe alikuwa mstari wa mbele na kibuyu cha uji.

"Nini hii?" DO akauliza.

"Kuna mzazi, Bwana DO," mwenyekiti akasema. "Nimemzalisha mimi mwenyewe."

"Mzazi nani?"

Dirisha likafunguka na mama mkwe akatoa kichwa. "Ni mimi," akasema. DO akamtazama yule bibi asiye na meno ya mbele. Nilikuwa nimeshikwa mkono na mwenyekiti, alinishika kwa nguvu sana, sijui aliogopa nini.

"Hongera, mama," DO akasema taratibu. "Na mtoto?"

Mgeni akatokea dirishani kando ya mama mkwe, na wasichana wake wawili wakachungulia chini ya mikono yake. DO akamtambua. Nadhani alielewa pia. Alisimama pale na mikono nyuma, akamtazama, akatazama kuni, akatutazama sisi. Hakucheka.

"Kwetu," akasema mwishowe, "mwanamke akijifungua, mwanamume hapiti hapo. Hata akiwa na mkuki. Hata akiwa mkubwa." Kisha akageuka. "Chifu. Nataka nikuulize mbele ya watu hawa wote, na unijibu mbele yao. Katika lokesheni yako kuna mgeni asiye na kwao?"

Chifu akavua kofia. Akafuta paji la uso. Akamtazama mke wake, akatazama lile dirisha. Kazi ile ilikuwa kila kitu alichokuwa nacho, na kila mmoja wetu alijua hivyo. Wasichana wawili walikuwa wanamtazama, na yule mdogo, ambaye alimjua kwa sababu chifu aliwahi kumpa peremende shuleni, akampungia mkono.

"Bwana DO," chifu akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, "hapa mgeni hayuko. Hao ni watu wetu."

"Basi," DO akasema.

Akaanza kurudi garini. Mama mkwe akapaza sauti dirishani, "Wee! Unaenda wapi? Nani huona mtoto mikono mitupu?"

Ah, nilitamani ardhi ipasuke. DO akasimama, akajipapasa mifuko. Halafu akasema neno kwa askari, na yule kijana wa Othaya akapanda lori akashuka na blanketi. Ndani ya lile lori kulikuwa na rundo la mablanketi ya kijivu ya serikali, ya kuwapa wale watakaosafirishwa kaskazini, maana njia ni ndefu na usiku ni baridi. DO akalichukua moja, akalileta mwenyewe mpaka chini ya dirisha, akainua mikono miwili akalitoa. "Serikali imemwona mtoto," akasema.

Lori likaondoka tupu. Tuliimba mpaka uji ukaisha.

Karatasi zilikuja baadaye, kwa njia zake ndefu na chifu akiwa shahidi kila mahali, sitakuchosha nazo. Ninachotaka kukuambia ni kwamba baada ya yote hayo, mimi nilingoja. Nilidhani sasa atabadilika. Siku za uzazi ziliisha, akatoka nje, na neno lake la kwanza kwangu likawa, "Asante, dada." Akaketi ukingoni mwa kiti. Wiki zikapita, asante na samahani, samahani na asante. Ilinikata maini. Nikajiambia, basi, mtu tumemzaa lakini yeye mwenyewe hajaamini.

Maharagwe yakakauka. Siku moja nilikuwa na maharagwe ya kupura na magunia yote yamejaa mahindi. Nikaona lile blanketi la kijivu kwenye kamba, linapigwa jua. Nikalichukua, nikalitandika uani, nikamwaga maharagwe juu yake, nikatwaa fimbo nikaanza kazi. Vumbi likaruka.

Akaja kutoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni. Akasimama. Mimi nikaendelea kupiga, nikijua atasema nini. Nikasikia mtungi umetupwa chini.

"Wewe! Una akili kweli?"

Nikageuka kuona anasema na nani.

"Ndiyo, wewe! Hilo blanketi nilipewa siku niliyozaliwa! Unalipigia maharagwe? Toa! Toa takataka zako hapo kabla sijazimwaga mtoni!"

"Ni blanketi tu," nikasema.

"Ni blanketi tu kwa nani? Kwako hakuna shuka? Nenda ukapigie juu ya shuka zako! Na usinitolee macho hivyo, sikuogopi. Hii ni nyumba ya mama yangu. Wewe hapa umeolewa tu!"

Nilikuwa na fimbo mkononi. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, na nilikuwa na maneno, ee, maneno nilikuwa nayo mazuri, yamejipanga tayari. Nikafungua mdomo. Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama, leso ameibana mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka. Nikaiweka fimbo chini. Nilikung'uta maharagwe, nikalikunja blanketi, nikampa. Akalinyakua. Hakusema asante.

Siku ya soko iliyofuata nilifika kwa mama wa viazi kabla ya wengine wote, nikachagua kiti kizuri. Walipojaa na kuanza maneno yao, nikainua mkono wanyamaze.

"Mawifi!" nikasema. "Nyinyi hamjui mimi ninavyoteseka."